Kioo Kilichopakwa Rangi

Baba yangu alikuwa fundi wa taa. Kabla ya vita alifanya kazi reli kwa miaka ishirini na miwili, akitunza taa za ishara, zile nyekundu na kijani ambazo dereva wa treni akiziona anajua kama apite au asimame. Vita vilipoanza, jeshi likajenga uwanja wa ndege nyuma ya mji wetu, na watu wenye ufundi wakachukuliwa mmoja mmoja. Baba akapelekwa karakana ya umeme. Marubani, ambao wengi wangeweza kuwa wanawe, walimwita Mzee Taa. Alijifanya halimgusi jina hilo, lakini nyumbani tulijua jinsi alivyolipenda, maana alikuwa akituhadithia nani kamwita hivyo na wapi.

Watoto wake tulikuwa wawili, wasichana, na mama alishafariki zamani. Mimi, mdogo, nilifanya kazi chumba cha kushonea hapo hapo uwanjani. Tulishona na kukunja miavuli ya marubani. Dada yangu, aliyenipita miaka mitano, alikuwa mtazamaji. Alikaa na mwenzake kwenye kibanda juu ya kilima cha mashariki, darubini shingoni na simu pembeni. Ndege yoyote ikitokea, kazi yake ilikuwa kuwaambia watu wa mizinga ameona nini.

Kwa mbali ndege zote zinafanana, hasa kukiwa na mawingu. Ndiyo maana kila ndege yetu ilifungwa taa tatu chini ya tumbo: nyekundu, kijani na manjano. Kila asubuhi saa kumi na mbili makao makuu yalitoa rangi mbili za siku hiyo, na rubani akikaribia nyumbani aliwasha hizo mbili tu. Kesho yake zinabadilika. Dada akiona rangi za siku, alisema, "Wetu," na mizinga ikanyamaza. Akiona rangi nyingine, alizitaja kama zilivyo, na yaliyobaki hayakuwa yake. Amri hiyo ilikazwa zaidi baada ya ndege moja ya adui kuja na rangi za jana yake, ikapita juu ya kilima bila kuguswa, na kulipua matangi ya mafuta pamoja na watu saba. Tangu siku hiyo, rangi za jana zilikuwa ni rangi za adui.

Dada aliolewa na rubani. Shemeji alikuwa mrefu, mwembamba, masikio yamemtoka kama vishikio vya sufuria, na hakuwa na dakika mbili bila masihara. Walikutana karakana. Yeye alikuja kulalamika kuhusu swichi, Dada alikuwa amemletea Baba chakula, na ile swichi ikahitaji kulalamikiwa kila siku kwa wiki tatu. Baba alijifanya haoni. Siku Shemeji alipokuja nyumbani kuposa, Baba alimuuliza, "Swichi imepona?" Tulicheka mpaka Dada akakimbilia chumbani.

Wakakaa kwetu, chumba cha uani. Shemeji alimwita Baba "Baba mkwe" kwa sauti ya kumtania, na Baba alimwita "Bwana Masikio" kama hakuna wageni. Niwaambie ukweli, Baba alikuwa hajapata mtoto wa kiume, na alimpata pale.

Shemeji alikuwa na tabia moja iliyojulikana uwanjani kote. Wenzake waliwasha taa wakishakaribia kilima. Yeye aliwasha mapema mno, akiwa bado mbali, dakika ishirini nzima. Mkubwa wake alipomuuliza sababu, alijibu, "Mke wangu ndiye yuko pale juu. Nikichelewa kuwasha ataanza kuniuliza nilikuwa wapi." Watu walicheka. Lakini Dada aliniambia siku moja tukifua nguo kwamba sababu yenyewe haikuwa mzaha. Alifanya hivyo ili mkewe awe na muda wa kumtazama vizuri, asisitesite, asipate shida kazini.

Mwaka wa pili wa vita vipuri vilianza kuadimika. Lori la vipuri lilikuwa halijafika kwa mwezi na nusu. Jioni moja ndege ya Shemeji, namba ishirini na saba, ilirudi na kifuniko cha taa nyekundu kimepasuka, kimepigwa na jiwe wakati wa kutua. Baba alikwenda stoo. Hakukuwa na kioo chekundu hata kimoja. Kulikuwa na vioo vyeupe, vya taa za ndani.

"Ndege hii inaruka keshokutwa," mkuu wa karakana alimwambia. "Kama huna kioo, tengeneza."

Baba alichukua kioo cheupe akakipaka rangi nyekundu mara mbili, ile rangi ya vioo aliyokuwa nayo tangu reli. Alikwisha kufanya hivyo mara nyingi huko reli, na rangi ilishika miezi. Ila taa za reli zilikuwa za mafuta, moto wake mpole. Glopu ya ndege ni ndogo na ina joto kali, ukiigusa inakuunguza kidole. Baba alilijua hilo. Rangi ilipokauka aliwasha taa dakika mbili, akaiona nyekundu safi, akaizima kwa sababu betri ya majaribio ilikuwa dhaifu. Kwenye fomu akaandika, "Kifuniko kimebadilishwa."

Asubuhi Shemeji alikuja kuikagua ndege yake. Aliinama chini ya tumbo lake, akawasha taa moja moja.

"Baba mkwe, umepata wapi kioo? Nasikia stoo kumekauka."

"Mimi sikosi," Baba alisema.

Maneno mawili tu hayo. Shemeji akampigia saluti kwa mzaha, akaenda zake. Baba alikuwa amekusudia kumwambia, asiiwashe nyekundu zaidi ya dakika tano, isipoteze rangi. Aliniambia baadaye kwamba maneno yalikuwa yameshafika mdomoni. Lakini kijana alikuwa anamtazama kwa yale macho ya kumstaajabia, na Mzee Taa akaona aibu kusema kwamba amekipaka kioo rangi kama mtoto wa shule. Akajiambia atamwambia jioni. Jioni walicheza karata. Siku tatu zilizofuata rangi za siku hazikuwa na nyekundu, na jambo lenyewe likamtoka akilini.

Siku ya nne makao makuu yalitoa nyekundu na kijani. Jana yake zilikuwa manjano na kijani.

Siku hiyo mawingu yalikuwa yamekaa chini tangu asubuhi, na mchana ulikuwa kama jioni. Ndege tatu ziliondoka saa tano. Mbili zilirudi saa tisa. Waliorudi walisema redio ya ishirini na saba imekufa, na kwamba walipotezana naye mawinguni. Katika chumba cha kushonea hakuna aliyenitazama usoni. Mkubwa wetu aliniambia, "Nenda kapunge hewa kidogo," na mimi nikatoka nikasimama mlangoni.

Saa kumi na nusu tuliisikia injini, upande wa mashariki.

Yaliyotokea kilimani niliambiwa na mwenzake Dada wa kibandani, kwa sababu Dada mwenyewe aliyasimulia mara moja tu, mbele ya tume. Ndege ilitoka chini ya mawingu, ikiwa peke yake. Dada akainua simu.

"Ndege moja, mashariki, iko chini. Taa mbili."

"Rangi?"

"Kijani. Nyingine manjano."

"Manjano au nyekundu?"

Alifuta darubini kwa mkono wa blauzi, akatazama tena. Mwenzake alikuwa anatazama pia.

"Manjano."

"Hizo ni za jana. Una hakika?"

"Nina hakika. Manjano na kijani."

"Sawa."

Mizinga ilianza kabla hajarudisha simu mahali pake. Ndege ikashika moto bawa la kushoto, ikalala ubavu, na ilipolala ubavu namba yake ilionekana. Dada aliisoma. Mwenzake alisema hakupiga kelele. Alikaa kwenye kiti, akachukua penseli, akaandika kwenye daftari saa, upande, rangi alizoziona, na namba ishirini na saba, kwa mwandiko wake uleule wa siku zote. Kisha akageuka akasema, "Naomba nitoke kidogo." Mwenzake alimkuta nje amekaa chini, ameegemea ukuta, ameshika nyasi kwa mikono yote miwili.

Mimi nilikuwa mlangoni bado. King'ora kilikuwa kinalia, watu wanakimbilia mahandaki. Nikamwona Baba anatoka karakana, lakini hakukimbilia handaki. Alikuwa anakimbia kuelekea kwenye mnara wa uongozaji, mikono juu, kofia imemwanguka, mdomo wake wazi. Mzee wa miaka hamsini na minane, sijawahi kumwona akikimbia hata siku moja. Nilifikiri amechanganyikiwa na kelele. Kumbe alikuwa amezitazama zile taa, na uwanjani pote alikuwa mtu pekee aliyejua ile manjano ni nini. Alikuwa anapiga kelele, "Ni yetu, ni yetu." King'ora kilimmeza.

Ndege ilianguka nyuma ya kiwanda cha matofali. Walikufa wote watatu waliokuwa ndani, Shemeji na wenzake wawili.

Sitasimulia mazishi. Nitasema tu kwamba Dada alisimama wima mwanzo mpaka mwisho, na kwamba alikuwa na mimba ya miezi mitatu ambayo Shemeji alikuwa ameijua kwa siku tisa.

Tume ilikaa siku mbili. Dada aliulizwa akajibu. Mwenzake akaulizwa, naye akasema aliona manjano. Watu wa mizinga walisema waliambiwa manjano. Fomu ya karakana ilionyesha taa zote ni nzima. Basi ikabaki sababu moja, na barua ikaja ikiwa na muhuri: rubani aliwasha rangi za siku iliyopita kwa kusahau. Kosa la rubani. Barua kama hiyo ilipelekwa kwa mama yake Shemeji, na kwa familia za wale wawili pia, ili wajue ni nani aliyewaua watoto wao.

Dada aliisoma akiwa amesimama jikoni.

"Hakusahau," alisema. "Asubuhi ile alinitajia rangi akivaa viatu. Alizirudia mara mbili."

Baba alikuwa mezani. Hakuinua uso.

"Kama hakusahau," Dada akasema taratibu, kama mtu anayepiga hesabu, "basi ni mimi niliyeona vibaya."

"Mwenzako naye aliona," nikamwambia.

"Mwenzangu alisikia nikisema ndipo akaona. Mtu ukishaambiwa manjano unaona manjano."

Kuanzia siku hiyo akaanza kujipima macho. Alikwenda kwa daktari wa uwanja, naye akamwambia macho yake hayana kasoro. Akaenda hospitali ya mjini, wakamwambia vilevile. Hakuridhika. Akaniomba nimletee roli za nyuzi kutoka kazini, nyekundu, manjano, kijani. Jioni, nikirudi, alinisimamisha mwisho wa ua, mbali kabisa, naye akakaa mlangoni, na mimi niinue nyuzi moja moja.

"Nyekundu," alisema. "Kijani. Nyekundu. Manjano."

Hakukosea hata mara moja. Lakini kila akimaliza alisema, "Rudi nyuma kidogo," nami nikarudi mpaka mgongo ukagusa ukuta wa jirani. Siku za mvua alitaka tufanye kwenye mvua, kwa sababu siku ile kulikuwa na mawingu. Tumbo lake lilikuwa limeanza kuonekana. Alikuwa ameomba aondolewe utazamaji, akapewa kazi ya kupanga faili, na hata huko alikuwa akiuliza watu, "Hili jalada kwako ni rangi gani?"

Nilimwambia aache. Akaniambia, "Mdogo wangu, nikijua ni macho, nitajua nichukie kitu gani. Sasa hivi sijui."

Na Baba alikuwa pale. Hilo ndilo sikulielewa wakati ule. Alikaa dirishani na gazeti lake, jioni baada ya jioni, akituona. Alikuwa amekonda, chakula anakigusa tu. Tulidhani ni huzuni ya mkwewe, na ilikuwa huzuni kweli. Lakini wiki moja baada ya mazishi walikuwa wamemtuma yeye na wenzake kukusanya mabaki ya ndege, vyuma vinavyofaa virudi stoo. Aliikuta ile taa, imekwama kwenye bati la tumbo. Kioo hakikuvunjika. Rangi ilikuwa imeungua ikabambuka, imebaki ukingoni tu, kama rangi ya kucha iliyoisha, na katikati kioo kilikuwa cheupe. Glopu ikiwaka nyuma ya kioo kama hicho, kwa mbali inaonekana manjano. Baba aliifungia kwenye leso, akaitia mfukoni, akaificha chini ya misumari katika sanduku lake la vifaa. Wiki saba ilikaa humo.

Ilikuwa Jumapili asubuhi. Dada alikuwa amekaa mlangoni, mimi niko ukutani na nyuzi. Alitaja rangi kumi na mbili, zote sawasawa, kisha akainamisha kichwa magotini na mabega yakaanza kutikisika. Ndiyo mara ya kwanza kumwona akilia. Nilikuwa naja kumshika, nikamwona Baba anatoka ndani na kitu kwenye leso.

Alikaa kwenye ngazi, karibu naye.

"Macho yako ni mazima," alisema. "Uliona manjano kwa sababu ilikuwa manjano."

Akafungua leso.

Dada alikitazama kile kioo kwa muda mrefu. Alikuwa mke wa rubani na binti wa fundi, hakuhitaji kuelezwa mengi.

"Ni cheupe," akasema.

"Nilikipaka rangi. Stoo hakukuwa na chekundu."

"Ulijua inaweza kuungua?"

"Nilijua ikiwaka muda mrefu inaweza."

"Na ulijua anawasha mapema."

"Nilijua."

"Ulimwambia?"

"Sikumwambia."

"Kwa nini?"

"Aliniuliza kioo nimekipata wapi. Niliona aibu."

Nilikuwa nimesimama katikati ya ua na roli ya uzi mkononi, sijui niende mbele au nirudi. Nilingoja Dada apige kelele, ampige, afanye chochote. Hakufanya. Aliuliza tu, kwa sauti ya chini sana, "Umekuwa nacho tangu lini?"

"Tangu wiki ile ya kwanza."

Dada akatikisa kichwa polepole kama anayekubali. Akaokota nyuzi zilizokuwa miguuni pake, akazipanga ndani ya kikapu, akafunga kikapu. Akasimama.

"Vaa viatu, Baba. Twende."

"Wapi?"

"Kwa mkuu wa uwanja. Sasa hivi. Na hicho ukichukue."

Tulikwenda wote watatu kwa miguu, Dada mbele, Baba nyuma yake, mimi wa mwisho. Mkuu wa uwanja alikuwa anakunywa chai. Baba alieleza kila kitu amesimama, kofia mkononi, akaweka kioo mezani. Alipoulizwa nani alimwamuru, alisema, "Fomu niliandika mimi." Mkuu wa karakana, alipoitwa, alisema hakujua habari ya rangi, na Baba hakumbishia.

Walimhukumu miezi sita kizuizini na kumfuta kazi. Amri ilipelekwa viwanja vyote kukagua taa, na tulisikia kwamba vilikutwa vioo kumi na moja vilivyopakwa rangi, kazi ya mafundi wengine waliobanwa kama yeye. Labda marubani wa ndege hizo walipona kwa sababu ya Baba. Nilimwambia hivyo nilipokwenda kumtembelea. Akaniambia, "Usiniletee hesabu hiyo, mwanangu."

Barua ya pili ilikuja, nayo ina muhuri. Ilisema rubani hakuwa na kosa, aliwasha rangi sahihi. Dada hakuiweka hata usiku mmoja nyumbani. Alifunga nguo zake, akaichukua barua, akapanda treni kwenda kwa mama mkwe wake, akamsomea mwenyewe, kwa sababu yule mama hakujua kusoma na ile ya kwanza alisomewa na jirani mbele ya watu. Alimwomba awaite watu hao hao. Akabaki huko. Mtoto alizaliwa huko, wa kike, masikio ya baba yake.

Baba alitoka kizuizini akiwa mtu mwingine. Alipata kazi kiwanda cha mbao, kupima mbao na kuziandika. Umeme hakuugusa tena. Glopu ikiungua nyumbani, mimi ndiye niliyepanda kiti. Kila mwezi alimwandikia Dada barua, nami nikaipeleka posta. Majibu hayakuja. Nilikuwa nikienda kuwaona mara mbili kwa mwaka, na kila mara Dada aliniuliza neno moja kuhusu Baba.

"Anakula?"

Nikisema anakula, anabadilisha mazungumzo.

Nilikuwa katikati yao miaka sita. Ukitaka kujua kuchoka, kaa katikati ya watu wawili unaowapenda, kila mmoja anakuuliza habari za mwenzake kwa kuzungukazunguka. Mara nyingine niliwachukia wote wawili kwa siku nzima, kisha nikapika.

Vita viliisha. Mwaka wa sita Baba alishikwa na kifua. Daktari alinivuta pembeni akaniambia nisitegemee sana. Nikamwandikia Dada mistari miwili. Akaja na treni ya kwanza, amemshika mtoto mkono.

Baba alikuwa amelala akitazama mlango. Alimwona mtoto kwanza.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye," Dada akasema. "Msalimie babu."

Mtoto akamwamkia. Baba akaitikia, akamshika mkono, akautazama mkono ule kama mtu anayesoma. Mtoto akamwuliza kwa nini anapumua kwa kelele. Akamjibu, "Nimemeza filimbi." Mtoto akacheka. Sijui miaka mingapi ilikuwa imepita tangu nisikie Baba anatania.

Mtoto alipotoka kwenda kucheza, Baba akamtazama Dada.

"Umenisamehe?"

Dada alikuwa ameshika glasi. Aliisogeza karibu na mdomo wa Baba.

"Kunywa maji kwanza, Baba," alisema.

Akanywa. Hakuuliza tena.

Dada alikaa siku tisa. Alimwogesha, alimgeuza, alimkata kucha, alimlisha kijiko kwa kijiko. Mimi alinifukuza nikalale. Nilipopita mlangoni niliwasikia wakiongea mambo ya kawaida, mto uko juu mno, dirisha lina baridi, mtoto ameanza shule. Neno lile sikulisikia. Siku ya tisa, asubuhi, Dada akiwa uani anaanika shuka, Baba alikata roho nikiwa nimekaa naye mimi.

Baada ya watu wa kuosha kuingia chumbani tulikaa jikoni sisi wawili. Nilimuuliza. Pengine halikuwa swali la saa ile, lakini nilikuwa nimelibeba muda mrefu.

"Ulimwambia?"

Alikuwa anakunja shuka moja kati ya zile alizozianua, zikiwa bado na unyevu.

"Ile taa nilishamsamehe zamani," alisema. "Kazi ni kazi, na aibu kila mtu anayo. Mume wangu angemsamehe siku hiyo hiyo, angemcheka. Lakini alikaa dirishani wiki saba akaniangalia nikitafuta kosa kwenye macho yangu. Hapo ndipo nilipokwama."

"Kwa hiyo hukumwambia."

"Nilikuja kumwambia. Nilipanda treni nalo mdomoni. Kila siku nilisema leo. Nikifungua mdomo linatoka jingine. Geuka, Baba. Kunywa, Baba." Shuka ikamtoka mikononi ikaanguka sakafuni, na hakuiokota. "Daktari alisema wiki mbili. Nilidhani bado ninazo siku tano."

Nilimshika. Alilia kama siku ile uani, mabega tu, bila sauti. Mtoto akaingia, akasimama mlangoni akitutazama, kisha akauliza babu atazikwa saa ngapi. Nikamwambia saa nane.